Kingamwili Nyingi, Bakteria Mzima: Tunachokosea Kuhusu Namna Seramu Inavyoua

Tangu Agosti 2025, Uingereza imekuwa ikitoa chanjo ya kupunguza kisonono kwa watu walio katika hatari kubwa ya kuupata ugonjwa huo. Chanjo yenyewe haikutengenezwa kwa ajili ya kisonono. Ni 4CMenB, iliyobuniwa kukinga homa ya uti wa mgongo inayoletwa na meningokoki wa kundi B, na imeazimwa kwa kazi hii kwa sababu bakteria wa magonjwa haya mawili ni ndugu wa karibu mno. Tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa zimekadiria kwamba inapunguza maambukizi kwa asilimia 30 hadi 40 hivi. Jaribio la Ufaransa, ambamo washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, halikuona kinga yenye uzito wa kitakwimu. Tafsiri niliyokutana nayo mara nyingi tangu hapo ni moja: chanjo hii inaamsha kingamwili chache, kwa hiyo suluhisho ni kuongeza dozi mpaka kingamwili zijae damuni.

Tafsiri hiyo imekosea kwenye msingi wenyewe. Seramu haiui bakteria kwa wingi wa silaha zilizomo ndani yake. Huua pale tu silaha hizo zinapounganishwa papo hapo juu ya ngozi ya bakteria, mahali ambapo tundu likitobolewa litapenya hadi kwenye utando. Kingamwili ikikaa pasipo pake haisaidii, na zipo hali ambazo humlinda bakteria dhidi ya damu ileile iliyokuja kumuua. Asiyelijua hilo ataipima chanjo, dawa na hata ugonjwa kwa mizani isiyo yake.

Tuanze na seramu yenyewe. Damu ikiachwa kwenye chupa bila kitu cha kuizuia isigande, huganda, kisha donge hujikunja na kuacha majimaji ya manjano hafifu. Hayo ndiyo seramu. Hayana chembe hata moja, nyekundu wala nyeupe. Lakini ukiyachanganya na bakteria wa aina fulani na kuyaweka kwenye joto la mwili kwa saa moja, bakteria walioingia kwa mamilioni wanaweza kubaki wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1888 George Nuttall alionyesha kwamba damu iliyoondolewa nyuzi za kugandisha huua bakteria wa kimeta, na mwaka uliofuata Hans Buchner akaonyesha kwamba hata seramu isiyo na chembe hufanya hivyo, ila ikipashwa joto la nyuzi 55 za Selsiasi nguvu hiyo hupotea. Mwaka 1894 Richard Pfeiffer aliwaingiza bakteria wa kipindupindu kwenye tumbo la simbilisi aliyekwisha kukingwa, akawaona chini ya darubini wakivimba, wakiwa vidonge, kisha wakiyeyuka.

Aliyefumbua fumbo ni Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Paris. Kati ya 1895 na 1896 alionyesha kwamba seramu inayoua ina vitu viwili tofauti: kimoja huvumilia joto na humtambua bakteria mahususi, kingine huharibiwa na joto na hakichagui bakteria. Cha kwanza ndicho tunachokiita kingamwili. Cha pili Paul Ehrlich alikipa jina la komplementi, kwa maana ya kinachokamilisha kazi. Bordet alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Jambo hili nililielewa kwa macho kabla ya kulielewa kwa akili. Nikiwa mwanafunzi tuliandaa sahani mbili za kuoteshea bakteria, moja kwa seramu iliyotoka kwenye friza muda uleule, nyingine kwa seramu ya mtu yuleyule iliyokuwa imepashwa nyuzi 56 kwa nusu saa. Asubuhi yake sahani ya kwanza ilikuwa na madoa manne. Ya pili ilikuwa imefunikwa utando mweupe usioacha nafasi ya kupitisha ncha ya sindano. Kingamwili zilikuwa ni zilezile katika mirija yote miwili, kiasi kilekile, za mtu yuleyule. Kama tungepima kingamwili peke yake, karatasi ya majibu ingesema seramu hizo mbili zinalingana.

Basi komplementi hufanya nini? Ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, zinazozunguka damuni zikiwa zimelala. Zipo njia tatu za kuziamsha. Ya kwanza hupitia kingamwili: protini iitwayo C1q, yenye vichwa sita kama shada la maua, hushika kingamwili zilizosongamana juu ya bakteria. Ya pili hupitia protini zinazotambua sukari za bakteria. Ya tatu haihitaji kutambua chochote, kwa kuwa protini ya C3 hujifungua yenyewe polepole muda wote, na ikiangukia uso usio na ulinzi moto huwaka. Njia hii ya tatu ilitangazwa na Louis Pillemer mwaka 1954, akapingwa vikali, akafariki mwaka 1957 kabla sayansi haijamrudia na kukiri kwamba alikuwa sahihi. Huwa namkumbuka kila ninaposikia mtu akisema kwamba bila kingamwili seramu ni maji tu.

Njia zote tatu zinakutana kwenye C3. Protini hii ikikatwa, kipande chake cha C3b hufunua mkono unaonata, lakini kwa muda mfupi usiofikia hata kufumba na kufumbua. Hushika kilicho karibu, la sivyo mkono huo hufa. Tangu hatua hii, yaani mapema kabisa, kazi yote inategemea umbali. C3b zikisongamana huunda mashine ya kukata C5, na hapo ndipo huanza ujenzi wa tundu: C5b huungana na C6, C7 na C8, kisha molekuli 18 hivi za C9 hujipanga duara na kutoboa utando. Tundu hilo lina upana wa nanometa 11 hivi kwa ndani. Watafiti wa London, wakitumia darubini inayopapasa uso kwa ncha nyembamba badala ya kuutazama kwa mwanga, wamelifuatilia likijengwa molekuli baada ya molekuli, wakaona kwamba kinachochelewesha ni kuingia kwa C9 ya kwanza. Zilizobaki hufuata haraka. Kusita huko huzipa seli zetu wenyewe nafasi ya kuuzuia ujenzi kabla haujakamilika.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, na ndipo wengi wanapopapita mbio. Bakteria wa Gram hasi, kundi la kisonono, kipindupindu, salmonela na E. coli, wana tabaka tatu: utando wa nje, ukuta mwembamba wa peptidoglaikani, na utando wa ndani. Uhai wao uko kwenye utando wa ndani. Tundu la komplementi hutobolewa kwenye utando wa nje, na urefu wake hautoshi kuufikia ule wa ndani. Kwa hiyo kusema “komplementi hutoboa bakteria naye anakufa” ni kuruka hatua iliyo ngumu kuliko zote. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Utrecht, Uholanzi, lilifanya jaribio ambalo kwangu ndilo lililoweka wazi suala hili. Waliwapa bakteria vijenzi vya tundu vilivyokwisha kuundwa mbali na uso wao. Matundu yalitokea kwenye utando wa nje, lakini bakteria hawakufa. Mashine ya kukata C5 ilipokuwa imesimama juu ya bakteria mwenyewe, kila C5b ikizaliwa papo hapo na kuzama mara moja, utando wa ndani uliharibika na bakteria wakafa. Protini zilikuwa zilezile na bakteria ni walewale. Kilichobadilika ni mahali ambapo ujenzi ulianzia.

Wala tundu halifanyi kazi peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndani ya seramu mna laisozaimu, kimeng'enya alichokieleza Alexander Fleming mwaka 1922, kinachokata nyuzi za peptidoglaikani. Kikiwa peke yake hakiwezi kuupita utando wa nje wa bakteria wa Gram hasi. Utando huo ukishatobolewa, kinaingia na kuukata ukuta vipandevipande. Ule uyeyukaji alioushuhudia Pfeiffer una mkono wake. Lakini kufa na kuyeyuka ni mambo mawili: bakteria anaweza kuwa amekwisha kufa kwa kuvuja utando wa ndani huku umbo lake likiwa bado limesimama. Bakteria wa Gram chanya wenye ukuta mnene, kama stafilokoki na nimokoki wa nimonia, tundu hili haliwaui. Kwao komplementi ni mhuri wa C3b unaoziambia chembe nyeupe, “meza huyu.”

Sasa turudi kwa wanaotetea wingi, kwa sababu hoja yao ina nguvu na haifai kupuuzwa. Ushahidi wao bora uko Fort Dix, kambi ya jeshi huko New Jersey, Marekani. Irving Goldschneider na wenzake walichukua damu ya makuruta kabla ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1969. Miongoni mwa waliokuja kuugua, ni asilimia 5.6 tu waliokuwa na seramu yenye uwezo wa kuua bakteria aliyewaambukiza. Miongoni mwa waliobaki wazima, waliokuwa nao ni asilimia 82.2. Malawi nako, watafiti walionyesha mwaka 2008 kwamba seramu ya watoto wadogo ambao bado hawajajenga kingamwili dhidi ya salmonela haiwezi kumuua bakteria huyo, na umri huo ndio ambao salmonela huingia zaidi kwenye damu ya watoto. Ni kweli kabisa: bila kingamwili, bakteria wengi hupita.

Ila tazama kwa makini kilichopimwa Fort Dix. Goldschneider hakuhesabu kingamwili. Alichanganya seramu na bakteria hai pamoja na komplementi, kisha akaangalia nani amekufa. Kipimo kile kilijibu swali la kuua, na ndiyo maana kikatabiri ugonjwa. Anayelitumia jaribio lile kudai kwamba idadi ya kingamwili ndiyo kinga analisomea kitu ambacho halikusema.

Na upande wa pili wa Malawi wengi hawausimulii. Mwaka 2010 watafiti walewale walichapisha matokeo ya watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, ambao salmonela huwashambulia vibaya damuni. Mtu angetarajia kukuta upungufu wa kingamwili. Walikuta kinyume chake: wagonjwa wengi walikuwa na kingamwili nyingi kupita kiasi dhidi ya lipopolisakaridi, ule msitu wa sukari unaofunika utando wa nje wa bakteria, na seramu zao hazikuua. Kingamwili hizo zilipoondolewa, nguvu ya kuua ikarudi. Huko Birmingham, Uingereza, mwaka 2014 iliripotiwa hali ya namna hiyo kwa wagonjwa wa mapafu wenye maambukizi sugu ya Pseudomonas aeruginosa: baadhi yao walikuwa na kingamwili za aina ya IgG2 kwa wingi mkubwa, zikizuia seramu kuua, na hao ndio waliokuwa na mapafu mabovu zaidi. Baadaye wagonjwa wawili wa aina hiyo walisafishwa damu ili kuzitoa kingamwili hizo, na wakapata nafuu. Nafuu ya kupunguziwa kingamwili! Kwa anayehesabu tu, hilo ni muujiza. Kwa anayeangalia mahali, linaeleweka.

Sababu yake ilianza kuonekana mwaka 1982, Keith Joiner alipomchunguza salmonela mwenye minyororo mirefu ya sukari. Komplementi iliamka, ikajengeka hadi mwisho, lakini mbali na utando, kwenye vilele vya msitu ule, kisha matundu yaliyokamilika yakadondoka yakielea kwenye majimaji bila kumdhuru yeyote. Kingamwili zinazoshika vilele hivyo huivuta komplementi iende kuteketea huko juu, na zikisongamana hufunga njia ya kufika chini. Kisonono kina ujanja wa aina hiyohiyo: kwenye utando wake ipo protini iitwayo Rmp, na kingamwili zinazoishika zimejulikana tangu miaka ya 1980 kuwa zinazuia kingamwili nyingine zisifanye kazi ya kuua.

Pingamizi la pili ni kwamba seramu ndani ya mrija si mtu. Hili nalo lina haki yake, hasa kwa kisonono, ugonjwa wa tando laini za viungo vya uzazi, koo na njia ya haja kubwa, ambako seramu hufika kwa kuvuja tu. Lakini tunao watu ambao maumbile yamewafanyia jaribio. Waliozaliwa bila mojawapo ya protini za C5 hadi C9 hawawezi kujenga tundu, na uwezekano wao wa kuugua homa ya uti wa mgongo ya meningokoki umezidi wa wengine kwa maelfu ya mara. Dawa ya ekulizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, huizuia C5 kwa makusudi, na wanaoitumia hulazimika kuchanjwa dhidi ya meningokoki kwa sababu hatari yao hupanda vivyo hivyo. Bakteria wengine wengi hawapati nafasi kubwa hivyo kwa watu hawa, maana chembe nyeupe bado zinameza. Kwa hiyo tundu si kila kitu. Kwa jamii hii ya bakteria, yaani meningokoki na ndugu yake wa kisonono, ni karibu kila kitu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayouzika zaidi: kwamba mtu “aongeze kinga” kwa vidonge au mitishamba ili seramu yake iue zaidi. Komplementi haijapungua kwa mtu mzima mwenye afya. C3 peke yake ni gramu moja na zaidi katika kila lita ya seramu. Kinachomkosesha ushindi ni bakteria aliyeiba vitambulisho vyetu. Seli zetu hujikinga kwa protini kama kigezo H, kinachozima komplementi pale kinapokaa; meningokoki na kisonono wamejifunza kukinasa na kukivaa. Ukiimwaga komplementi zaidi kwa bakteria aliyevaa kigezo H, unamwagia maji bata. Na komplementi isiyodhibitiwa ina bei yake. Katika PNH, ugonjwa adimu wa damu, chembe nyekundu za mgonjwa hukosa walinzi wa CD55 na CD59, na seramu yake mwenyewe huzipasua. Ekulizumabu iliidhinishwa kwanza kwa ajili ya watu hao. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu angetaka kuipigia kampeni silaha ya namna hiyo ifunguliwe zaidi bila kuuliza itaelekea wapi.

Tukikubali kwamba mahali ndipo panapoamua, mengi yanabadilika. Kwanza ni namna ya kuchagua shabaha ya chanjo. 4CMenB ina protini inayonasa kigezo H ndani yake, na hilo lina faida mbili: kingamwili ikiishika, humkaba bakteria karibu na utando na pia inaweza kumvua vazi aliloiba. Pili ni kingamwili zinazotengenezwa maabara kupambana na bakteria sugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019, na haraka ya kutafuta mbadala ni ya haki. Lakini kingamwili inayong'ang'ania vizuri si lazima iwe inayoua, na kuichagua kwa nguvu ya kushika tu ni kujitafutia IgG2 ya Birmingham kwenye chupa. Tatu ni dawa tulizo nazo. Kundi la Utrecht limeonyesha kwamba matundu ya komplementi kwenye utando wa nje huiruhusu vankomaisini, molekuli kubwa ambayo kwa kawaida hufaa kwa Gram chanya pekee, kumfikia bakteria wa Gram hasi. Hata tundu lisiloua, basi, linaweza kuwa mlango.

Kuhusu kisonono, ningependa mjadala uache kuuliza dozi ngapi na uanze kuuliza seramu ya aliyechanjwa inamfanya nini bakteria, tena bakteria yupi. Kisonono kikiwa ndani ya mwili huchukua asidi ya sialiki ya mwenyeji na kuibandika kwenye sukari zake, kikawa kigumu kwa seramu. Kikioteshwa kwenye sahani huivua, kikawa rahisi kuuawa. Kigezo H anachonasa ni cha binadamu, kwa hiyo ukitumia komplementi ya sungura, kama inavyofanyika kwenye maabara nyingi kwa urahisi wa kuipata, unampambanisha na adui ambaye hajui kumkwepa. Majibu yatapendeza kwenye jedwali. Kipimo ninachokitaka ni cha bakteria aliyevishwa asidi ya sialiki, komplementi ya binadamu, na seramu za waliochanjwa ambao baadaye waliambukizwa zikiwekwa pamoja na za ambao hawakuambukizwa, kama walivyofanya Fort Dix. Mpaka hapo, ile asilimia 30 au 40 haituambii kama kingamwili zilikuwa chache au zilikaa pasipo pake.